Kamera Mbili za Wodi ya Wazazi

Reino Saarela alifia mlangoni kwake asubuhi moja ya Novemba, koleo la theluji mkononi. Mkewe Odette, ambaye alikuwa muuguzi, alimkandamiza kifua palepale kwenye ngazi mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Kisha akaingia ndani, akazima jiko alilokuwa ametelekea uji, akavaa koti, akalifuata gari. Habari ya lile jiko ilitembea mji wetu wa Kinross Bay majira yote ya baridi. Wengine walisema huo ndio ujasiri. Wengine walisema yule mwanamke moyo wake jiwe.

Mazishini hakulia. Majirani walimletea mikate ya nyama mpaka friza ikakataa kufungika, wakawa wanakaa naye jikoni wakimtazama usoni kama watu wanaongojea maji yachemke. Odette aliwamiminia kahawa, akawauliza habari za magoti yao na za watoto wao walioko Toronto, akawasindikiza hadi nje. Mwanawe Eero, aliyekuwa kwenye kazi za mafuta kule Alberta, alikuja, akazika, akarudi. Wiki iliyofuata Odette akarudi kazini.

"Utalia tu, shoga," alimwambia Velma Nabigon. Velma alikuwa muuguzi mwenzake wa zamu moja kwa miaka na miaka, mwanamke wa Kiojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. "Machozi hayana haraka."

"Unajua ukichomwa sindano ya jino?" Odette akamjibu. "Unaligusa shavu, unajua ni lako, lakini ni kama la mtu mwingine. Basi mimi niko hivyo mwili mzima."

"Ganzi huisha."

"Ya jino, ndiyo."

Alikuwa mtoto wa saba wa Wafaransa wa huko Hearst, watu wa viazi na ng'ombe wachache. Alisomea uuguzi Sudbury, akaletwa Kinross Bay kwa kazi ya muda, akakutana na Reino kwenye dansi ya ukumbi wa Wafini, na ule muda haukuisha tena. Reino alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache hata kwa Mfini, na Wafini hawasemi sana. Kumposa kwenyewe alimuuliza kama anapenda samaki. Odette, aliyekulia katika nyumba ambamo watu kumi walisema kwa pamoja, aliona amepata pumziko. Walikaa hivyo, yeye akisema, mume akiitikia kwa kichwa, na sasa kwa kuwa kichwa hakikuwepo, naye alikuwa ameacha kusema mengi.

Wodi ya wazazi ya mji wetu ni ndogo. Watoto hutoka wakipiga kelele kama inavyotakiwa, lakini kila mwaka, hata mara mbili kwa mwaka, hutoka mmoja kimya. Zamani, Odette alipoanza kazi, mtoto wa namna hiyo alifunikwa shuka na kuondolewa, na mama akaambiwa aende nyumbani akazae mwingine. Baadaye watu walipata akili. Mama alipewa mwanawe ampakate kadiri apendavyo, na wauguzi wakapiga picha ya kuondoka nayo. Wodi ilikuwa na kamera moja kuukuu, ya zile zinazotema picha papo hapo, ikaumbika mbele ya macho yako. Kazi hiyo ilikuwa ya Odette kwa sababu wenzake mikono iliwatetemeka. Tangu Novemba hakuhitaji hata kujikaza. Alimwosha mtoto, akamvika kofia ya sufu iliyofumwa na kina bibi wa kanisani, akapiga, akanawa mikono. Ilimpitia akilini kwamba labda ganzi hii inaifaa kazi. Wazo lenyewe halikumfurahisha wala kumtisha.

Mwezi wa Februari alikuja Jeanine Brisson, mpishi wa mkahawa wa barabara kuu. Alisimama mlangoni pa wodi na buti zake zikichuruzika maji ya theluji.

"Sista Odette, unanikumbuka?"

"Nakukumbuka. Mtoto wa kiume. Luc."

"Luc." Jeanine alitoa picha ndani ya koti. Ilikuwa kadi ya manjano, rangi ya chai ya maziwa, na katikati kivuli cha kijivu, na juu ya kivuli duara ambalo pengine lilikuwa kofia. Uso haukuwepo. "Niliiweka dirishani, juu ya sinki, nimwone nikiosha vyombo. Ikaanza kufifia, nikadhani ni macho yangu. Nimekuja unipe nyingine."

"Hakuna nyingine, mama. Picha za kamera ile hazina negativu, ule mkanda wa kuchapishia nyingine. Inayotoka ndiyo hiyohiyo, basi."

Jeanine aliitazama picha, kisha akamtazama Odette. "Kwa hiyo nimemwangalia mpaka nimemmaliza."

"Ni jua, mama. Si wewe."

"Haya," Jeanine akasema. Akairudisha ndani ya koti, akashukuru, akaondoka. Afadhali asingeshukuru.

Odette aliendelea kukunja mashuka. Hakusikia huzuni. Lakini lile neno la "nimemmaliza" lilimkwama kama mwiba wa samaki kooni, ambao hauumi sana, ila kila ukimeza unajua upo.

Velma alikuwa amesikia yote akiwa upande wa pili wa pazia. "Hicho kidude kiende jalalani leo," alisema. "Tuna zile pesa za kuuza keki. Hazitoshi kamera ya maana, lakini ya bei nafuu tutapata. Nenda kwa Zanatta ukachague. Chukua dijitali. Dunia imesonga."

"Mbona usiende wewe?"

"Kwa sababu mimi nikienda nitarudi na kamera na mapambo ya bustani. Wewe hujatamani kitu tangu mwaka jana. Wewe ndiye wa kutumwa dukani."

Duka la picha la Zanatta lilikuwa la mume na mke, Silvio na Ines, Waitaliano waliozeeka pamoja kwenye harufu ya dawa za kusafishia picha. Mwaka huo wa 2003 walikuwa na ugomvi mmoja tu, na kila mteja aliingizwa humo atake asitake. Silvio alikuwa mtu wa filamu. Ines alikuwa ameagiza kamera za dijitali bila kumwambia.

Odette alipoeleza shida ya wodi, Silvio aliinama chini ya kaunta akatoa kamera ya chuma, ya mtumba, nzito kama nyundo. "Hii haina akili hata chembe, na huo ndio uzuri wake. Baridi ikija, inapiga. Ukiiangusha, itaumia sakafu."

Ines akaweka ya kwake pembeni, ya plastiki, rangi ya fedha, ndogo kama kipande cha sabuni. "Na hii unaona picha sasa hivi, hapa kwenye kioo cha nyuma. Ikiwa mbaya unarudia. Ya huyu mzee utajua umeharibu baada ya wiki nzima, na mtoto keshazikwa. Mama wa watu atamzaa tena ili sista arudie picha?"

"Ines!"

"Ines nini? Nimesema uongo?"

"Sista, nisikilize mimi," Silvio alisema, akimgeuzia mkewe mgongo kwa adabu yote aliyoweza. "Picha ya filamu ina mama. Negativu ndiyo mama. Picha ikififia, ikiungua, mbwa akiila, unarudi kwa mama anakuzalia nyingine. Hizo za kwenye sabuni zinaishi wapi? Ndani ya kompyuta. Na kompyuta ikifa?"

"Unanakili kwenye diski."

"Diski ikifa?"

"Na nyumba ikiungua na hao mama zako ndani yake? Huyu mzee anadhani moto unachagua!" Ines alimgeukia Odette. "Sema wewe, mwanangu. Ipi?"

"Zote nzuri," Odette akasema.

Ugomvi ukaishia hapo. Walikuwa wamehudhuria mazishi ya Reino. Ines alizifuta zile kamera kwa kitambaa ingawa hazikuwa na vumbi. "Nenda nazo zote," alisema, sauti imeshuka. "Zijaribu. Utakayoipenda utailipia, nyingine utaturudishia."

Alizijaribu nyumbani. Alipiga birika, akapiga kiti, akapiga ziwa likiwa jeupe mpaka upeo, akapiga mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. Ile ya dijitali ilikula betri kama mgeni mwenye njaa, na palipokuwa na mwanga hafifu ilileta chengachenga za zambarau. Lakini ilionyesha papo hapo, na kuwasha ni kubonyeza tu. Ile ya filamu ilimtaka azungushe lenzi mpaka kitu kitulie, na yeye alikuwa mvivu wa kutulia na vitu siku zile. Silvio alipomsafishia mkanda wa kwanza, nusu ya picha zilikuwa na ukungu. Zilizotulia, hata hivyo, zilikuwa na kitu. Mkono ulionekana mkono, una mishipa, umechoka.

Lakini alipojiuliza anaipenda ipi, hakupata jibu. Mahali pa kupendea palikuwa pamelala. Wiki zikapita. Velma alimuuliza kila zamu.

"Umeamua?"

"Bado."

"Wewe siku hizi hata ukiulizwa chai au kahawa unajibu ndiyo."

Basi zote mbili zikakaa kwenye mkoba wake, kandokando, moja nzito na moja nyepesi, mpaka mwezi wa Aprili barafu ilipoanza kupasuka ghubani.

Siku hiyo waliingia Carlene Lafferty na mumewe Garnet, dereva wa malori ya magogo. Ilikuwa mimba yao ya kwanza na ilikuwa imekwisha timia. Carlene alisema mtoto hajacheza tangu jana. Daktari alitafuta mapigo ya moyo, akatafuta tena, akaketi. Jioni hiyo wakaanza kumchochea uchungu, na kesho yake mchana, jua likiwa limejaa dirishani, akazaliwa mtoto wa kike, mzima wa viungo, ana nywele nyingi nyeusi, na hakutoa sauti. Walimwita Iris.

Carlene alimpakata. Velma alimuuliza taratibu kama wangependa picha zipigwe, naye akatikisa kichwa kukubali. Halafu damu ikamzidi kidogo, wakamtia dawa, akasinzia. Garnet alikuwa ametoka nje kwenye baridi na hakusikia hayo yote.

Odette alimpeleka mtoto chumba cha pembeni. Alimwosha, akampangusa, akamvika kofia. Alimlaza karibu na dirisha na kwanza akatoa ile kamera ya chuma, akazungusha lenzi mpaka kope za mtoto zikatulia, akapiga. Akapiga mikono, akapiga miguu, akapiga nywele. Mkanda ulipokwisha akaurudisha kwenye kikopo chake. Kisha, ili awe na hakika, akatoa ile ndogo akapiga chache tena. Alikuwa anazitazama kwenye kioo ndipo akasikia mtu nyuma yake.

"Nini hiyo?"

Garnet alikuwa mrefu, amevaa shati la mirabamiraba, masikio yamekuwa mekundu kwa baridi. Odette akamwonyesha kioo. Mtoto alikuwemo, mdogo kama stempu, anang'aa.

"Futa," Garnet akasema.

"Mkeo alikubali tupige..."

"Futa, sista. Sitaki mtu amwone hivyo. Sitaki Carlene aamke aonyeshwe hiyo sura kwenye mashine kama picha za likizo. Futa mbele yangu."

Kamera iliuliza kwa maandishi madogo kama ana hakika. Odette akabonyeza kwamba anayo. Ikaja picha ya pili, ikauliza vilevile. Akabonyeza. Zilikuwa chache na zikaisha mara moja, kioo kikabaki kimeandika kwamba hakuna picha. Odette alingoja asikie kitu. Hakusikia.

Angeweza kunyamaza hapo. Lakini alikuwa mtu asiyeweza kudanganya kwa kunyamaza. Akafungua kiganja, kile kikopo kimo. "Ziko nyingine humu kwenye filamu. Hizi mimi siwezi kukufutia. Ukitaka zife, vuta huu mkanda utoke wote kwenye mwanga. Itakuchukua kitambo kidogo tu."

Garnet alikichukua kikopo. Kilipotelea kwenye kiganja chake. Alishika ile ncha ya mkanda kwa kucha, Odette akamwona, na hakuvuta. Akaketi kwenye kiti cha wauguzi ambacho hakikumtosha.

"Kiti cha mtoto nimeshakifunga kwenye lori," alisema. "Carlene alinicheka. Nani anampeleka mtoto mchanga kwenye magogo? Nikamwambia huyu atajua barabara kabla ya kujua kusema." Akakigeuzageuza kikopo. "Mbona silii? Baba yangu alilia mbwa wake alipokufa, na alikuwa mtu mbaya."

"Sijui," Odette akasema. "Mimi mume wangu alikufa Novemba. Sijalia mpaka leo."

"Unasikia nini?"

"Hakuna."

"Hata mimi." Alimtazama kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyekutana ugenini na mwenzake wa kijiji kimoja. Wakakaa vile, mtoto katikati yao, maji ya theluji yakidondoka kutoka kwenye paa. Mwishowe Garnet akatia kikopo kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaenda kwa mkewe.

Velma aliposikia alikuja juu. Alimvuta Odette kwenye chumba cha mashuka akafunga mlango.

"Mama alisema ndiyo! Mimi mwenyewe nilimuuliza. Na wewe umefuta, na zilizobaki umempa baba aende nazo?"

"Alikuwa amesimama mbele yangu, Velma."

"Na Carlene alikuwa amelala! Anayelala hana haki? Ungemwambia asubiri. Ungemwambia kamera imekwama. Ungezimia hapo sakafuni, sijui, ungefanya kitu!" Sauti ya Velma ilikatika. "Wewe zamani ungepigana naye."

Odette alianza kukunja mashuka. Alijua ni kweli, kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika. Zamani angepigana.

Carlene aliruhusiwa kwenda nyumbani, na Iris akazikwa ardhi ilipolainika. Mwezi wa Mei, mchana mmoja, simu ya wodi ikalia, na aliyekuwa karibu nayo ni Odette.

"Sista, ni Carlene Lafferty. Samahani kukusumbua. Nakumbuka nilikubali picha. Garnet anasema hazikupigwa. Nataka tu kujua kama niliota."

Odette alishika mkonga wa simu. "Hukuota," akasema. "Nilizipiga. Nyingine nilizifuta, mumeo aliniomba, nami nilikosea kutokungoja uamke. Nyingine ziko kwenye filamu, na filamu nilimpa yeye. Kama bado ipo, mimi sijui. Nitakwenda kumuuliza."

"Usimfokee," Carlene akasema.

Alimkuta kwenye kituo cha mizani nje ya mji, lori lake likingoja zamu katika foleni ya malori. Odette aliegesha kigari chake kando ya magurudumu yaliyomzidi kimo, akagonga mlango. Garnet alimwona, akazima injini, akamfungulia upande wa abiria. Katikati ya viti viwili palikuwa bado pamefungwa kiti cha mtoto.

"Amekupigia," alisema.

"Amenipigia. Amesema nisikufokee."

Garnet alicheka kicheko kifupi kisicho na meno. Kisha akanyoosha mkono, akafungua kisanduku cha mbele, akaondoa risiti, glovu, na nusu ya mkate uliokauka. Kikopo kilikuwa kimefungwa ndani ya soksi ndogo ya sufu.

"Sijaifungua," alisema. "Wala sijaitupa. Nimeitoa mara nyingi. Nasimama kwenye daraja la Mto White, nasema leo naitupa majini. Siwezi. Nasema basi nimpe Carlene. Siwezi. Nikamwambia hazipo, maana hilo lilikuwa jepesi." Alikiweka kikopo kwenye dashibodi. "Ile siku ungeniuliza kama nina hakika, hata mara moja tu, ningeivuta. Hukuniuliza."

"Sikuwa na la kuuliza."

"Ndiyo. Ukanipa tu."

Nyuma yao lori jingine likapiga honi. "Pita juu, wewe!" Garnet akapaza sauti dirishani, kisha akasema taratibu, "Hizi huwa zinaharibika? Kumekuwa na joto humu."

"Hilo ni la Silvio Zanatta. Twende tukamuulize."

Silvio aliipokea filamu kwa mikono miwili, akauliza imekaa wapi, akaguna, akaingia nayo chumba cha giza asitoe hotuba hata moja. Ines aliwapa kahawa na biskuti ngumu za lozi. Garnet hakuwa na mahali pa kuweka miguu yake. Kwa muda mrefu walisikia maji tu yakitiririka nyuma ya mlango. Ines alijaribu kueleza habari za kamera mpya zilizoingia, akajisikia mwenyewe, akaongeza kahawa vikombeni.

Silvio alipotoka, mikono yake ilikuwa inanuka dawa kali kama siki. "Joto limezigusa kidogo," alisema. "Rangi imeelekea wekundu. Na hizi mbili za mwanzo zina ukungu. Lakini yupo."

Alizipanga kauntani. Odette alizitazama kama anavyotazama chati ya mgonjwa, moja baada ya nyingine, akiona alipokosea na alipopatia. Kope zilikuwa zimetulia. Garnet hakuzigusa kwa kitambo. Halafu akaokota ile ya mkono, vidole vilivyokunjika na kucha ndogo ndefu kidogo, akaisogeza karibu na macho yake.

"Ana kidole gumba cha mama yangu," alisema. "Tazama kilivyopinda. Sikukiona. Nilisimama pale pale, sikukiona." Na hapo akalia, kwa sauti, dukani mwa watu, kichwa kwenye kaunta, na Ines akazunguka akamshika mabega ambayo mikono yake haikuyafikia yote. Odette alisogeza vikombe visimwagike.

Alimwonea wivu. Hilo ndilo alilomwambia Velma baadaye, nalo lilikuwa jambo la kwanza kulisikia tangu Novemba, wivu, mdogo, kama mchomo wa pini.

Garnet alimpelekea Carlene picha siku ileile. Walikorofishana sana mwaka ule, watu walisikia, na Carlene alikaa kwa dada yake huko mji wa Marathon mpaka vuli. Kisha alirudi. Walipata watoto wengine wawili, na mkubwa wao sasa anaendesha lori.

Odette alirudisha ile ya dijitali dukani, akailipia ya chuma. Silvio alijaribu kutojisifu, akashindwa. Ines alitaka sababu.

"Yako si mbaya, Bi Ines," Odette alimwambia. "Ila inamuuliza mtu hapo hapo: unataka au hutaki. Watu wa wodi yetu siku hiyo hawawezi kujibu. Hii nyingine inawangoja."

"Na ukiharibu picha?"

"Nitaharibu. Nitapiga nyingi."

Velma akaweka sheria yake, nayo ikabaki: mkanda unakabidhiwa mama mwenyewe, mkononi, akiwa macho, asafishe kesho au baada ya miaka kumi au asisafishe kabisa. Wengine walikuja kwa Silvio wiki ileile. Mmoja alikuja na kikopo chake siku ambayo mtoto angeanza shule. Odette alipiga kwa kamera ile mpaka Silvio alipofunga duka na filamu ikawa ya kuagizwa mbali, ndipo wodi ikahamia dijitali kama dunia yote. Kufikia hapo wauguzi walikuwa na desturi ya kutofuta kitu kabla mwaka haujapita, hata mtu akiomba.

Amestaafu sasa. Anaishi kwenye zile nyumba za ghorofa karibu na uwanja wa magongo, na Alhamisi hucheza karata na Velma, na wote wawili wanaiba. Velma, ambaye hachoki kuchokonoa, alimuuliza juzijuzi kama alishawahi kumlilia Reino.

"Nililia," Odette akasema, macho kwenye karata zake.

"Uongo! Lini? Mbona hukuniambia?"

"Zamani. Mwaka wa zile kamera, mwezi wa Oktoba. Kule Wawa, kwenye gereji, nilikwenda kubadilisha matairi. Fundi aliniuliza nataka ya aina gani, na mimi nikaanza. Sikuweza kunyamaza. Nililia mpaka nikakaa juu ya tairi."

"Fundi akafanya nini?"

"Maskini, alidhani ni bei," Odette akasema. "Akanipunguzia."